Vigae Chini ya Lipu

Mimi sikutaka kuandika haya. Kusoma nilijifunza nikiwa tayari nina wajukuu, kalamu naishika kama nashika shingo ya kuku, na mkono uliozoea mchi hauna raha na wino. Nimeyasema kwa mdomo mara nne, mbele ya watu wenye masikio mawili mawili, nikajibiwa, "Bibi, maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili." Haya. Ofisi inalilia karatasi kama mtoto anavyolilia ziwa. Karatasi yenyewe ndiyo hii, na anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke sasa hivi amalize, maana mbele hakuna pa kuchekea sana.

Habari ni ya wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Mjini walimwita Mama Chokaa, na jina hilo hakupewa kwa weupe. Miaka thelathini na minane alipiga lipu kuta za ngome ile kuukuu iliyo juu ya mji, na chokaa ikamla mikono mpaka alama za vidole zikafutika. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, mashine ilikataa kabisa kumtambua. Karani akasema, "Mama, mashine inasema huna vidole." Akamjibu, "Andika basi nimekuja bila mikono, na hilo kofi litakalokupata limepigwa na upepo."

Sikumpenda alipoletwa kwetu, na yeye alijua, kwa kuwa sikujificha. Siku ya harusi nilimpa sahani sita za maua ya buluu, moja imemeguka ukingo, na nilijua imemeguka. Alizipokea, akapitisha kidole pale penye pengo, akatabasamu. "Asante sana, wifi. Hii nitakuwa nakupakulia wewe kila ukija." Na alifanya hivyo miaka kumi na miwili, hakukosa hata mara moja.

Kaka yangu alikuwa mwashi wa ngome, kama baba yetu kabla yake. Waashi wa pale walikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa kitabuni, kwa sababu iliandikwa ukutani. Fundi akiziba mahali palipobomoka, kabla lipu haijakauka huchukua vigae vya vyombo vilivyovunjika akavikandamiza kimoja kimoja, vimesimama kwa ukingo, kuzunguka kiraka chote kama mshono wa nguo. Ndani ya mshono ni mkono wake yeye. Nje ya mshono ni mkono wa wale wa kale. Fundi atakayekuja baada ya miaka mia akiuona mstari wa vigae anajua wapi aamini na wapi atilie shaka. "Kiraka kisicho na vigae," kaka alikuwa akisema, "ni mtu aliyejipenyeza kwenye ukoo usio wake." Akishasema hivyo ananitazama mimi, kwa maneno niliyokuwa nikiyasambaza juu ya mkewe.

Kwa hiyo nyumbani kwao chombo kikivunjika hakitupwi. Kulikuwa na debe chini ya kitanda, limejaa vigae vya bakuli, vya vikombe, vya mtungi. Mtu mwingine huweka akiba ya nguo nzuri, wao waliweka akiba ya vyombo vibovu. Mama Chokaa alianza kwa kumbebea mumewe maji, kisha akajifunza kuzima chokaa shimoni, ikichemka na kupiga kelele kama mkutano wa wadai haki, kisha kuilaza miezi mingi mpaka iwe laini kama siagi. Mwaka wa tano alishika mwiko. Mwaka wa nane kaka yangu alikuwa akisimama pembeni kumtazama anavyolainisha ukuta, na huyo kaka yangu alikuwa mtu wa kusifu mara moja kwa mwaka, tena kwa kukohoa tu.

Sasa nije kwenye ufa.

Ngome ina minara minne. Ule wa pembeni, unaotazama barabara, ulipata ufa kutoka dirisha la pili kushuka. Kaka akafanya wanavyofanya waashi: akabandika donge la chokaa kuvuka ufa, akalichora tarehe kwa msumari. Donge likibaki zima, ukuta umelala. Likipasuka, ukuta unatembea. La kwanza lilipasuka wiki ya tatu. La pili wiki ya pili. La tatu halikumaliza siku nne. Kila mara alishuka ofisini, chumba kile kilicho juu ya lango, kumwambia karani. Karani alikuwa kijana mwembamba, kazi yake kubwa kupuliza muhuri kabla ya kuugonga, watu wakamwita Bwana Muhuri.

"Andika," kaka akamwambia. "Mnara unatembea."

"Tangu lini mnara una miguu, fundi?"

"Siku utakapokuja kukusalimia utaiona."

Hakuandika. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuikagua ngome, na ngome yenye ufa si ngome ya kuonyesha wageni. Amri ikatoka mnara upakwe upya haraka. Kaka akapanda jukwaani asubuhi ya manyunyu, na mkewe yuko chini anachanganya. Mama Chokaa alisema baadaye kwamba hakusikia kishindo kwanza. Alisikia sauti kama ya shuka linalochanwa. Alipoinua uso, ubavu mzima wa mnara ulikuwa unashuka.

Tulimtoa saa kumi alasiri. Sitasema zaidi ya hapo.

Ofisi ikaandika ripoti, na Bwana Muhuri akatusomea mstari mmoja: Mwashi aliteleza kwenye ngazi. Kifusi kimejaa ua mpaka kiunoni, na mtu anatusomea habari za ngazi. Nilitaka kumrukia, wifi akanishika mkono. "Mwache. Ukuta utasema."

Kila mtoto wa shule anaimba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaka yangu alizuiwa kuziba ufa, mkewe akaujenga ukuta. Miezi minne aliujenga, amejifunga kanga ya msiba, vibarua wanapandisha mawe, yeye anayapanga kwa kamba na timazi ya marehemu. Kiraka kilipofika mwisho, hakufungua debe la chini ya kitanda. Alitoa zile sahani zangu sita, akazivunja uani kwa nyundo ya mumewe. Ile iliyomeguka aliivunja ya mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikumzuia, na hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Akapiga mstari wa maua ya buluu kuzunguka ubavu wote wa mnara, na kipande kile chenye pengo akakiweka mwanzo wa mstari, urefu wa kifua, chini ya dirisha la pili. Ungesimama barabarani ungeusoma: mume wangu kaangukia hapa, na hapa ndipo nilipojenga mimi.

Ulikaa siku tisa.

Siku ya kumi Bwana Muhuri alikuja, ametanguliza kikohozi.

"Mama, pole na kazi. Hayo maua... wale wageni walioahirisha safari wanafika Jumatatu."

"Wataona maua basi."

"Watauliza. Mkuu anasema upitishe lipu juu yake. Nyembamba tu. Wakishaondoka utayafunua."

"Na nisipopitisha?"

Akatazama viatu vyake. "Yupo fundi mwingine anayeweza kupitisha. Na kuendelea na kazi yote."

Alikuwa mjane wa miezi minne mwenye watoto wawili. Alipitisha. Nataka msomaji anielewe hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka nimtetee: hakuna aliyemshika mkono. Alichuja chokaa yake mara mbili, akaipitisha kwa mwiko, akaisugua kwa jiwe la mtoni, akaizeesha kwa maji ya majani na vumbi, mpaka hata yeye akisogea hatua tatu alikuwa hajui kiraka kinaanzia wapi. Angeweza kuipitisha vibaya. Angeweza kuacha ukingo, dosari, kitu. Lakini mkono wa fundi una kiburi, haujui kufanya kazi mbovu hata ukiwa unazika mtu wake. Wageni walikuja, wakaondoka. Alipoomba ruhusa ya kufunua, akaambiwa subiri. Kisha subiri kidogo. Kisha ofisi ikawa haikumbuki kuna kitu cha kufunua. Waashi waliojua wakaondoka mmoja mmoja, wengine kwa miguu, wengine kwa jeneza. Tukabaki wawili.

Miaka ikaenda. Karani akapanda cheo mpaka akawa Mkuu wa Ngome, tumbo likawa linamtangulia hatua moja, jina la Bwana Muhuri likamganda kama kupe. Mama Chokaa alizeeka palepale. Hakupita kwenye ule mnara bila kuugusa kwa kiganja, juu juu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ndipo ikaja ile mashine.

Ililetwa na binti mmoja mwenye suruali ya mifuko mingi, mpole, anayevuta sanduku zito kwenye magurudumu. Alikuwa ametumwa kuipima ngome yote na kuitia kwenye kompyuta, kila jiwe na kila tundu la mzinga. Aliisimamisha mashine kwenye miguu mitatu katikati ya ua, nayo ikaanza kugeuza kichwa polepole, ikazunguka mpaka mgongoni.

"Kitu kisichosema, kinachogeuza kichwa chote, kinachopenda magofu," Mama Chokaa akasema. "Huyo ni bundi."

Binti akacheka. "Bundi wangu haleti msiba, Bibi."

"Hakuna bundi anayeleta, mwanangu. Anatangaza tu."

Walipatana siku ileile. Binti alihitaji mtu anayezijua kuta, na bibi kizee alihitaji mtu wa kumuuliza jambo. Akawa anatangulia mbele, anabandika vile vibao vya miraba myeusi na myeupe ambavyo mashine hutumia kama alama za njia, anaonyesha: hapa baba mkwe wangu, hapa mimi mwaka ule wa mafuriko, hapa mimi tena nikiwa na mimba. Binti naye akamweleza kazi ya Bundi. Anatupa mwanga, mwanga unagonga ukuta, unarudi, yeye anapima umbali. Panapogongwa ni nukta moja. Nukta zikishakuwa mamilioni, ngome yote ipo humo ndani, hata ikianguka kesho.

"Na mwanga ukigonga lipu, unaingia?"

"Hapana, Bibi. Unarudia palepale kwenye ngozi."

Mama Chokaa akabandika kibao kingine.

Siku nyingine alikatiza mbele ya Bundi akiwa amebeba ndoo, na jioni binti akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta: moshi wenye kilemba, hauna miguu, umekaa hewani mbele ya lango. "Huyo ni wewe. Watu wanaopita tunawaita uchafu. Tunawasafisha mwishoni."

"Sisi ndio uchafu?"

"Ni neno la kazi tu, Bibi, samahani."

"Usiniombe radhi. Maneno yote mabaya huwa ni ya kazi."

Wiki ya nne binti akamwita aone ngome imekamilika. Ilikuwa pale kwenye kioo, imeelea peke yake bila mji, unaigeuza kwa kidole kama andazi kwenye mafuta. Binti alikuwa ameipaka rangi: samawati kwa mawe na lipu ya kale, njano kwa kila mahali penye mkono wa fundi wa baadaye. Alizijuaje hizo za njano? Kwa vigae. Bundi aliiona mistari yote, ile midogo inayochungulia kwenye ngozi ya ukuta, na kila mshono binti akaujaza njano. Mama Chokaa alivuta kiti. Hakuwahi kuiona kazi ya maisha yake mara moja, alikuwa ameiona ukuta kwa ukuta, pua ikiwa kwenye lipu. Sasa aliiona yote, njano hapa, njano pale, akaanza kucheka kimyakimya. "Kumbe nguo yangu mimi ni kubwa hivi!"

Kisha binti akageuza ngome, mnara wa pembeni ukaja mbele. Samawati tupu, juu mpaka chini.

"Huu umeukosea rangi," Mama Chokaa akasema.

"Huu ndio mzuri kuliko yote, Bibi. Hauna kiraka hata kimoja."

"Nimeujenga mimi."

Akamweleza yote, kuanzia donge la kwanza la chokaa. Binti hakumkatiza. Alipomaliza, binti akainuka akalitafuta faili la mwaka ule kwenye kabati, kwa sababu hawezi kubadilisha rangi bila ushahidi, ama wa jicho la mashine ama wa maandishi. Akalipata. Karatasi moja ya manjano, muhuri umegongwa mara mbili. Akaisoma kwa sauti.

"Mwashi aliteleza kwenye ngazi. Jengo halikuathirika."

"Rudia hapo mwisho."

"Jengo halikuathirika."

Wifi yangu hakujua kusoma. Miaka yote ile alijua mstari wa kwanza tu, ule tuliosomewa. Wa pili hakuna aliyewahi kumsomea. Alikuwa akidhani aliombwa kuficha vigae kwa ajili ya wageni wa siku mbili. Kumbe alikuwa akiipigia lipu karatasi, ukuta ufanane na muhuri. Mumewe hakufa kwa mnara, kwa kuwa hakuna mnara ulioanguka, na ushahidi kwamba haukuanguka ni ule ukuta wake yeye, uliopigwa vizuri mno.

Akaenda kwa Bwana Muhuri. Nilifuatana naye, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, mlango uko wazi.

"Naomba ruhusa nikwangue lipu chini ya dirisha la pili. Upana wa kiganja tu. Nitaiziba mwenyewe."

"Mama, mnara ule ndio picha ya kwenye kitabu cha ngome. Ndio unaoonyeshwa watu kwamba haujaguswa."

"Wewe unajua umeguswa. Ulikuja na kikohozi chako ukaniambia nipitishe nyembamba."

"Mambo ya zamani hayo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki."

"Hayamnukii aliyeyanya."

Nilicheka benchini, Mungu anisamehe, na huenda kicheko changu ndicho kilichofunga mlango. Ruhusa haikutoka. "Umri huo, Mama, upumzike," akamwambia. "Usianze kututungia hadithi."

Asubuhi iliyofuata, Bundi akiwa amesimama mbele ya mnara kwa mara ya mwisho, Mama Chokaa alitoa mwiko kwenye kanga akakwangua bila ruhusa ya mtu. Alijua mahali kwa kiganja. Lipu yake mwenyewe ilimpa shida, ngumu kama moyo wa mkopeshaji. Kikatokeza kigae cha kwanza, kile chenye pengo. Cha pili. Cha tatu kilikuwa na ua zima. Binti akaacha mashine izunguke, ikaviona vyote vitatu, na shimo, na bibi kizee aliyesimama kando amejikausha asije akawa moshi.

Mlinzi alipiga kelele kwanza. Bwana Muhuri alishuka anahema.

"Unaharibu urithi wa watu!"

"Urithi wa nani? Hizi ni sahani za harusi yangu. Kamuulize wifi yangu, ndiye aliyezitoa, tena moja mbovu."

"Toeni huyu mama nje. Asikanyage tena hapa."

Walimtoa kwa kumshika viwiko, kupitia lango alilolipaka chokaa mara kumi na tisa. Jioni ileile shimo likazibwa kwa saruji, kazi ya mtu asiyejua hata kushika ndoo.

Siku kumi baadaye binti wa Bundi alikuja nyumbani, mchana, hakutaka kukaa. Bwana Muhuri alikuwa ameiangalia ngome ya kwenye kompyuta, akaona shimo na vigae vitatu, akasema, "Huo ni uchafu. Usafishwe." Binti alisita. Akaambiwa yupo mwingine anayeweza kusafisha, na kuendelea na kazi yote. Basi alichukua kipande cha ukuta cha jirani, hapohapo kwenye kioo, akakinakili, akakibandika juu ya shimo, akalainisha kingo mpaka kukawa hakuna tofauti. Alisema hayo huku anatazama viatu vyake.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wifi akaniwekea mkono gotini.

"Ulilainisha vizuri?" akamuuliza.

"Vizuri sana, Bibi. Haionekani."

"Najua. Haionekani kabisa." Akaongeza: "Uliacha vigae?"

Binti hakuelewa. Akaaga, akaondoka na uso umemvimba.

Wakaionyesha ngome mjini, kwenye ukumbi, saa nne asubuhi, watu wamejaa. Hatukualikwa. Tulikaa nyuma, kwenye viti vya plastiki vilivyopungua mguu. Taa zikazimwa, ngome ikaja ukutani kubwa kama nyumba, ikizunguka. Mnara wa pembeni ukasimamishwa mbele yetu, samawati, laini, kila tundu mahali pake. Bwana Muhuri akashika kipaza sauti. Akasema mnara huu, ndugu zangu, haujaguswa na mkono wa mtu tangu ulipojengwa. Hata mashine ya kisasa, akasema, inayoona mpaka unene wa ukucha, haikukuta kiraka.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, wengine wakasimama.

Nilimwambia wifi, "Simama useme. Ukisimama nami nasimama."

Hakusimama. Alikuwa anautazama ule ukuta kwa macho ya fundi, anatafuta kosa, hakuliona. Akaniinamia sikioni.

"Makofi hayo ni yangu, wifi. Hakuna lipu nzuri kama ile. Ndiyo wanayomzikia kaka yako mara ya pili."

Hakuugua ugonjwa wenye jina. Aliacha tu kuinuka. Mwezi wa tatu baada ya ukumbi tulimzika, na aliyemwosha akaniuliza mbona vidole vyake ni laini hivi, havina mistari. Nikamwambia imefutika kwa kazi.

Binti wa Bundi alirudi juma moja baada ya mazishi. Akakaa mkekani, akatoa kidude kidogo kama ukucha. Akasema humu ndani ipo ngome ya kwanza, kabla ya kusafishwa: shimo, vigae vitatu, na Bibi amesimama kando, mzima, mpaka miguu. Hakuifuta. "Nimeacha vigae, Bibi," akaniambia.

Nikamjibu umechelewa, aliyekuuliza amelala. Nilimsema maneno mengine pia, akayapokea yote. Alipomaliza kufuta macho akasema ngome hiyo ya kwanza haiwezi kuingia kwenye kumbukumbu peke yake, maana Bwana Muhuri atasema mashine ilikosea. Inahitaji maandishi ya mtu aliyejua. Aliyejua nimebaki mimi. Ndiyo maana nimekaa hapa siku ya sita, mgongo unaniuma, naandika.

Lakini mimi si mjinga. Najua watasema huyu ni dada wa marehemu, ndugu hashuhudii ndugu. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa bure, sasa utalipa kwa miguu yako. Nenda ngomeni, mnara wa pembeni, unaotazama barabara. Chini ya dirisha la pili wametundika bango kubwa lenye picha ya ngome ya kwenye kompyuta. Usidanganyike kwamba ni pambo. Saruji na chokaa havikai nyumba moja. Mvua mbili tu zimepita na kile kiraka chao kimeshabanduka, ndiyo maana bango likaletwa. Linyanyue kwa pembe. Urefu wa kifua utaona kigae cha ua la buluu, kimemeguka ukingo. Usikikwangue, usikichukue, kitazame tu. Kisha tafuta karatasi, hata ya kufungia sukari, uandike ulichokiona, tarehe na sahihi yako, uniletee mimi mkononi. Si ofisini. Mimi.

Nina karatasi moja, hii, na debe la vigae aliloniachia wifi, sasa tupu. Nataka debe lijae.